Kwa Nini Nilinunua Zamu ya Kupumzika

(Hotuba iliyotolewa kwenye chakula cha jioni cha mkutano wetu wa mwaka na mwenzetu wa mkondo wa "B", aliyemaliza Kidato cha Nne mwaka 1974.)



Nilipopata barua ya kunitaka niseme maneno machache, nilidhani nitaombwa kuzungumzia maabara za hospitali, kazi niliyoifanya huko Columbus, katika jimbo la Ohio, Marekani, kuanzia mwaka 1987 hadi nilipostaafu mwaka 2018. Kumbe sivyo. Katibu wetu, ambaye tangu siku za bweni hajaacha tabia ya kuchokoza watu, aliniandikia hivi: "Njoo utueleze kitu gani kilikupata hata ukanunua wiki ya hoteli, tena hoteli yenye twiga, wakati twiga tunao huku kwetu."

Naona mnacheka. Chekeni tu. Mimi mwenyewe nilicheka kabla yenu.

Kwa faida ya wale ambao hawajapata kukisikia kitu hiki, nitaeleza kwa ufupi. Mnaikumbuka ile baiskeli ya bweni letu? Hakuna aliyekuwa na uwezo wa kununua baiskeli peke yake, basi vijana saba wakachanga, kila mmoja akapewa siku yake. Mwenye Jumatano alikuwa na Jumatano, mvua inyeshe isinyeshe. Biashara hii ni hiyo hiyo, ila badala ya baiskeli ni nyumba ya mapumziko. Ilianzia Ulaya. Mwaka 1963 huko Uswisi iliundwa kampuni ya Hapimag, ambayo wenye hisa walipata haki ya kukaa katika nyumba zake za likizo. Na mwaka 1967 jambo kama hilo likafanyika Superdévoluy, katika milima ya Alps ya Ufaransa, kwa watu wanaopenda theluji. Ikavuka bahari hadi Marekani, na huko jina lake likawa taimusheya. Mimi naiita zamu, maana ndivyo ilivyo.

Zamu yangu mimi iko Florida, karibu na mji wa Orlando, ndani ya bustani za burudani za Walt Disney World. Bustani hizo zilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971, wakati sisi tukiwa Kidato cha Kwanza tunafundishwa kutandika vitanda. Eneo lote ni kama kilomita za mraba 100. Mwaka 1991 kampuni hiyo ilianzisha chama chake cha likizo. Mwanachama hanunui wiki moja maalumu katika kalenda. Hununua pointi, na kila mwaka hupewa pointi zake azitumie kama mtu anavyotumia posho: chumba kikubwa hula pointi nyingi, chumba kidogo hula chache, usipozitumia mwaka huu unaweza kuziweka kwa ajili ya mwaka ujao, au ukakopa za mwaka ujao. Mahali ulipoandikishwa unaruhusiwa kushika nafasi miezi 11 kabla ya safari, na katika majengo mengine ya chama miezi 7. Kila mwaka kuna ada ya matunzo, nayo inalipwa uende usiende. Mkataba wangu utakwisha mwezi wa Januari, mwaka 2057. Siku hiyo nitakuwa na miaka 100, kwa hiyo sina wasiwasi wa kubaki bila mahali pa kwenda.

Sasa naja kwenye lawama. Rafiki yangu mmoja, ambaye ni mhasibu na yuko hapa ukumbini, alikaa nami meza moja miaka michache iliyopita akanipigia hesabu kwenye karatasi ya kufungia sigara. Akaonyesha kwamba fedha ile ingewekwa benki ingezaa kiasi fulani. Kwamba ada inapanda. Kwamba siku nikitaka kuuza sitarudishiwa nilichotoa. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Ndugu zangu, hesabu yake ilikuwa sahihi, na leo sikuja kuipinga. Anayetaka faida asinunue kitu hiki.

Lakini nilimwuliza swali moja. Nilimwambia: "Nyumba yangu ya kijijini umeiona. Ina vyumba vitano, ina bati la rangi, ina baraza. Katika miaka 15 nimelala ndani yake siku 41. Anayeifaidi ni popo. Mbona hukuwahi kunipigia hesabu ya nyumba ile?" Akanyamaza, kisha akasema, "Ile ni nyumba ya nyumbani." Basi nikajua kwamba hata yeye mhasibu anafahamu kuwa yapo mambo ambayo mtu hayanunui kwa ajili ya faida. Tunachobishana ni kama zamu yangu imo katika mambo hayo. Naomba mnisikilize, kisha mhukumu wenyewe.

Jambo la kwanza: nilihitaji kengele.

Hapa shuleni tulikuwa tunaichukia kengele. Kengele ya kuamka, kengele ya uji, kengele ya kufyeka nyasi, kengele ya kuzima taa. Hatukujua kwamba kengele hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa inatuambia sasa acha, sasa inatosha. Nilipofika Marekani mwaka 1983, niliikuta nchi ambayo kengele ya kuanza kazi ipo na ya kuacha haipo. Nilisoma mchana na kufanya kazi usiku. Nilipopata ajira ya kudumu nikadhani nitapumzika, lakini kila mwezi kulikuwa na mtu anayeomba tubadilishane zamu, au ada ya shule ya mdogo wangu huku nyumbani, au jeneza la kulipia. Nikawa ninauza likizo zangu. Nilijisifu kwa hilo. Nilijiona mtu wa maana.

Mwaka 2007 mwanangu wa kwanza alimaliza chuo kikuu. Mahafali yalikuwa Jumamosi saa nne asubuhi. Usiku ule niliombwa kushika zamu ya mwenzangu, na ningeweza kukataa. Sikukataa. Nilifika wakati watu wanakunja viti. Kijana alikuwa amesimama na mama yake chini ya mti, joho ameshalivua. Hakugomba. Alisema tu, "Najua, Baba. Ulikuwa na zamu." Tangu siku hiyo tulisalimiana kwa kupitia mama yake.

Walt Disney alifariki Desemba 1966, kabla bustani ile ya Florida haijajengwa. Kaka yake, Roy, alikuwa amekusudia kustaafu. Akaahirisha ili aikamilishe kazi ya mdogo wake. Aliikamilisha, ikafunguliwa Oktoba 1971, na yeye akafariki Desemba ya mwaka ule ule. Niliposoma habari hiyo niliifunga ile karatasi nikakaa kimya. Mimi sikuwa ninajenga bustani kwa ajili ya mtu yeyote. Mimi nilikuwa ninaahirisha tu.

Mwaka 2010 mtoto wetu wa mwisho aliondoka kwenda chuo, nyumba ikabaki na watu wawili na saa ya ukutani. Mke wangu ndiye aliyesema tununue zamu hii. Nikamwambia tunaweza kupumzika bila kununua chochote. Akanijibu: "Wewe? Wewe huwezi kupumzika mpaka uwe umelipia." Alinijua. Kwa sababu pesa ilikuwa imeshakwenda, na kwa sababu nafasi ilikuwa imeshikwa tangu miezi 11 nyuma, nilishindwa kuuza likizo ile. Hii ni sababu isiyo ya fedha ingawa inafanya kazi kwa kutumia ubahili wangu. Mtu hukamatwa kwa udhaifu wake.

Jambo la pili: palikuwa mahali pa kukutania.

Mtauliza, kwa nini msikutane Columbus, nyumbani kwenu? Swali zuri. Nyumbani kwangu mimi ni baba mwenye kiti chake na simu ya hospitali kando yake. Kule Florida hakuna kiti cha baba. Wote ni wageni na wote ni wenyeji. Tena vyumba vile vikubwa vina jiko kamili na mashine ya kufulia, kwa hiyo hatukuwa tunakula hotelini kama matajiri. Mke wangu alikuwa anabeba unga na mwiko wake kutoka Ohio, safari ya gari ya kama kilomita 1,500, akasonga ugali usiku wa kwanza. Binti yangu alitoka Minnesota, mdogo wao alitoka Texas. Kwenye mabembea na magari ya kutisha yale walikwenda wao. Mimi kifua changu hakitaki mambo hayo. Nilikaa barazani.

Lakini kila mwaka mke wangu alikuwa anashika chumba chenye kitanda kimoja zaidi. Mimi nilikuwa naona pointi zinavyoliwa bure. Nikamwambia, "Kitanda hiki ni cha hasara." Akasema, "Kitanda cha mwanangu kipo." Kilibaki kimetandikwa, shuka hazijaguswa, mwaka baada ya mwaka, kuanzia 2010 hadi 2017.

Julai 2017 alishika nafasi ya Juni 2018, maana wajukuu walikuwa wamekaribia kuanza shule na ilibidi tufuate likizo zao. Alikuwa ameanza kuumwa wakati ule, ingawa aliyejua ni yeye na daktari wake. Mwezi wa Februari 2018 akafariki dunia. Tulimzika kule kule Ohio, na mwanangu mkubwa alikuja mazishini, akasimama upande wa pili wa kaburi, akaondoka jioni ile ile.

Mwezi wa Machi nilitaka kuifuta safari. Binti yangu akakataa. Alisema, "Nafasi ile ina jina la Mama. Tutakwenda." Basi tukaenda. Usiku wa kwanza binti alisonga ugali, ukawa na madonge, tukaula bila kusema. Kiasi cha saa nne usiku mlango ukagongwa. Alikuwa yeye, na begi moja. Akanisalimu, "Shikamoo, Baba." Nikamwitikia. Akauliza kitanda chake kiko wapi.

Alfajiri nilimkuta barazani, na twiga wamesimama mbele yetu wanakula majani. Alikuwa ametengeneza chai kwa vikombe viwili. Aliniambia kwamba mama yake alimpigia simu Julai iliyopita, akamwambia maneno haya tu: "Nimekuwekea kitanda, na mwakani usipokuja sitakuwepo kukulaumu." Yeye alidhani ni maneno ya mama aliyechoka. Sikuwa na la kujibu. Nikamwomba radhi kwa ile Jumamosi ya 2007. Ilikuwa imechukua miaka kumi na moja. Yeye naye akasema aliyokuwa nayo, na mengine hayakuwa matamu. Hatukumaliza yote siku ile. Lakini siku iliyofuata tulikuwa na alfajiri nyingine, na iliyofuata nyingine, kwa sababu wiki ilikuwa imeshalipiwa, na hakuna aliyekuwa na mahali pa kukimbilia.

Ndugu mhasibu, kitanda kile uliandika wapi katika hesabu yako?

Jambo la tatu: mahali pale hapabadiliki sana.

Mtu aliyehama mara nyingi hana mahali anapoweza kusema, hapa ndipo nilipokuwa mwaka jana na mwaka juzi. Mimi nimehama vyumba sita na miji mitatu. Watoto wangu shule walizosoma ni nyingi kuliko vidole vya mkono mmoja. Kule barazani tuna ukingo mmoja wa mbao, na kila mwaka wajukuu hupigwa picha karibu na ukingo kama huo. Picha ya kwanza kichwa kinaonekana chini yake, picha ya tatu kidevu kimefika juu. Juni 2020 hatukwenda. Kwa ajili ya ugonjwa wa korona bustani zilikuwa zimefungwa tangu katikati ya Machi, zikaanza kufunguliwa tarehe 11 Julai. Katika mfululizo wa picha pana pengo la mwaka huo, nasi pengo hilo tunalitambua.

Jambo la nne, nalo ndilo linalomhusu Katibu wetu na twiga wake.

Jengo tulimo linaitwa Kidani Village. Ni sehemu ya hoteli iliyofunguliwa mwaka 2001, na sehemu yake ya kwanza inaitwa Jambo House. Mahali pa kula panaitwa Jiko, Boma na Sanaa. Bwawa la kuogelea lina jina la Samawati. Katika bustani ya wanyama ya jirani, iliyofunguliwa Aprili 1998, kuna kijiji cha kubuni kiitwacho Harambe, na wamepunguza herufi moja ya mwisho. Nadhani ilianguka njiani. Mbele ya vyumba wanapita twiga, pundamilia, na ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu kama mikono ya Mwalimu wetu wa Mazoezi.

Ni Afrika ya kuigiza, nakubali. Kuta zimepakwa rangi zionekane za zamani, na mabonde yamechimbwa na matingatinga. Lakini niwaulize. Nilikaa Tanzania miaka 26 kabla ya kuondoka, na sikuwa nimekanyaga Serengeti hata mara moja. Ni wangapi humu ndani walikwenda kabla ya kuota mvi? Naona mikono ni michache.

Wajukuu zangu walizaliwa Minnesota. Kiswahili kwao kilikuwa lugha ya babu na bibi ya kusemea kwenye simu na kugombezea watoto. Juni ile ya 2018 mjukuu wangu wa kike alikuwa na miaka mitano, anajifunza kusoma. Akasimama mbele ya kibao, akaunganisha herufi moja moja, kisha akaniuliza, "Babu, kidani ni nini?" Mtu yeyote pale angeweza kumjibu kwa Kiingereza. Lakini aliniuliza mimi, kama mwenye nyumba. Nikamwonyesha shingoni kwa mama yake: kile kilikuwa kidani cha bibi yake, alichoolewa nacho. Tangu siku hiyo hapiti mbele ya kibao bila kutaka maana. Jiko ni nini? Sanaa ni nini? Na mwaka juzi aliponiuliza kama Harambe imeandikwa sawa, nilijua kazi imeanza kuzaa matunda.

Ndugu Mwenyekiti, nisije nikaonekana mchuuzi. Sina kamisheni. Kabla ya kununua hii, mimi na marehemu tulipata kualikwa na kampuni nyingine, ambayo sitaitaja, kwa ahadi ya kifungua kinywa cha bure. Mayai yale tuliyalipia kwa saa tano za kuzungukwa na vijana watatu wenye tai, na tulitoka tukiwa tumelowa jasho. Kwa hiyo nina mausia matatu. Usitie sahihi siku unayotembezwa. Na kama umetia sahihi Florida, sheria ya jimbo hilo inampa mnunuzi siku 10 za kuuvunja mkataba. Usikope kununua burudani. Na waulize watoto kama wanautaka mzigo huo kabla ya kuwarithisha, maana ada nayo hurithiwa. Mimi niliwauliza. Binti yangu alisema hapana, asante, Florida ni joto. Aliyesema ndiyo ni mkubwa.

Namalizia. Kwa nini nimewaambia haya ninyi, ambao wengi wenu hamtakwenda Orlando wala hamna haja ya kwenda? Katika mkondo wetu wa "B" tulikuwa vijana 36. Jioni hii nimetuhesabu: tuko 11. Wengine wamefariki, wengine wanaumwa, lakini wapo walio mwendo wa saa mbili kutoka hapa, waliosema watakuja mwaka ambao kazi itapungua. Mimi ninawafahamu watu hao vizuri. Nilikuwa mmoja wao.

Kila mwaka chama chetu hupanga tarehe, huahirisha, hupanga tena. Natoa hoja, Ndugu Mwenyekiti, na naomba iandikwe katika kumbukumbu: tuchague Jumamosi moja katika mwaka, isiyobadilika, na kila mtu alipe mchango wake miezi 11 kabla, usiorudishwa. Atakayeshindwa kuja, chakula chake kiandaliwe na kiti chake kiwekwe mezani vilevile. Mhasibu wetu atasema ni kiti cha hasara. Mwacheni aseme, lakini kiti kiwekwe.